Mama Antonia na Vibaraza Visivyopumua

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai, Mama Antonia Chilongani anatimiza miaka kumi na tisa ya utumishi katika karakana yetu ya alumini na vioo hapa Makole, Dodoma, na siku hiyohiyo anastaafu. Mkurugenzi wetu, Bwana Suleiman, ameniomba mimi Athuman, mtunza stoo, niandike wasifu wake. Kwa nini mimi na si mtu wa ofisini, sijaambiwa, na jambo hilo nimelitilia shaka tangu mwanzo.

Mama Antonia aliajiriwa kama mpima, enzi tukitengeneza milango na madirisha tu. Tulipoingia kwenye vibaraza vya vioo, yaani vile vyumba vinavyounganishwa na nyumba ili mtu apumzike kwenye mwanga bila kupigwa na upepo, cha kwanza alikipima yeye. Baadaye akawa msimamizi wa mafundi wote.

Sifa yake kubwa ni kutomwamini mtu. Ukuta hakuuamini mpaka auwekee pima maji, hata kama umejengwa na mkwe wake. Bomba la silikoni, ile gundi ya kuzibia vioo, alilinusa kwanza. Chai ya kantini aliionja kwa ncha ya kijiko huku akimtazama mpishi usoni. Mafundi wapya walimwogopa, wakamzoea, kisha nao wakaanza kunusa silikoni. Wateja walinung'unika wakati wa kupimwa na kushukuru mvua iliponyesha.

Adui yake namba moja alikuwa vumbi, na aliyeuona upepo wa Dodoma mwezi wa nane hatamlaumu. Vibaraza vyetu vya mwanzo aliviziba kila upenyo. Vumbi kweli halikuingia, ila hewa nayo haikuingia, na ilipofika Oktoba wateja walikuwa wanaiva humo ndani. Mmoja alihamishia humo vifaranga. Bi Kuluthumu, jirani yetu hapahapa Makole, alianza kuanika humo mlenda wa kuuza, ukawa unakauka kabla ya adhuhuri. Karakana ikabadili mchoro, ikaweka vidirisha vya hewa chini ya paa, na biashara ikanyanyuka. Vile vya mwanzo vilibaki vilivyo, na hakuna aliyevitaja tena, hasa mbele ya Mama Antonia.

Sasa nije kwenye yaliyotukuta mwaka huu. Kuanzia Machi mabaki ya vioo na alumini yalianza kupungua stoo. Yalitoka kwa kibali chake, hilo sikatai, lakini kila nilipouliza yanakwenda wapi alinijibu yanakwenda kazini. Kila Jumamosi simu yake ikawa haipatikani. Mara tukasikia kuna karakana mpya Chang'ombe inatafuta mpima mzoefu. Jamani, ningefikiri nini? Bwana Suleiman alisimamisha maandalizi ya sherehe ya kumuaga. Akaniambia waziwazi kwamba hawezi kumkatia keki mtu anayetuibia wateja, na kwamba kama ni kweli, ataondoka bila hata kupewa mkono. Akanituma nichunguze. Kushuku ndiyo kazi iliyoniweka mjini, kwa hiyo sikujivuta.

Jumamosi iliyofuata nilimfuata kwa bodaboda. Chang'ombe hatukufika. Nilimkuta kwa Bi Kuluthumu, juu ya ngazi, akikata nafasi ya kidirisha cha hewa kwenye kibaraza chetu cha zamani. Bi Kuluthumu alikuwa chini anabishana naye, akidai joto lile ndilo mtaji wake na hakuna aliyeomba msaada. Waliishia kukubaliana kidirisha kimoja, tena kinachofungika. Mama Antonia aliponiona hakushtuka hata kidogo. Aliniuliza nimetumwa na nani, kisha akaniamuru nishike ngazi.

Pale chini ya ngazi ndipo aliponieleza. Alikuwa akiwazungukia wateja wake wa mwanzo kurekebisha alipokosea, asije akastaafu watu bado wanaungua. Ofisini hakuomba ruhusa kwa sababu alijua tungemjibu kwamba muda wa dhamana umekwisha. Na kweli, jibu hilo ningelitoa mimi mwenyewe. Jumatatu nilimweleza mkurugenzi. Akaagiza keki kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Kilibaki kibaraza kimoja, cha Mzee Batholomeo, mkulima wa zabibu kule Makutupora. Mzee alikuwa amekifunga tangu mkewe alipozimia humo kwa joto, na habari hiyo Mama Antonia ilimuuma kuliko zote. Lakini Ijumaa iliyopita magoti yake yaliikataa ngazi. Alikuja kwenye dirisha la stoo, akaniomba niende na fundi Witness tukakimalize. Aliniomba! Mama huyu hajawahi kuniachia hata kufunga kufuli bila kurudi kulivuta.

Tulikwenda Jumatatu. Kazi ilipokwisha hewa ikaanza kupita, Mzee Batholomeo akaleta viti viwili, akamwita mkewe. Nilirudi mjini nikiwa na hakika kwamba kesho yake Mama Antonia angepanda gari kwenda kutukagua. Jumatano jioni nikampigia Mzee simu kuuliza. Hakuna aliyekuja. Nikashuku ananificha, nikamwendea Mama Antonia mwenyewe. Akanishangaa. Akasema aende kukagua nini, ikiwa mimi nimeshasema kazi imekwisha? Nilirudi stoo, nikafunga mlango, nikalia.

Mama Antonia, karakana nzima inakushukuru. Tunakuombea magoti yenye nguvu, wajukuu wenye adabu na Oktoba zenye upepo. Uwe na pumziko jema, Mama yetu.