Paa Aliyetutoroka

Mgeni rasmi, Mama Mwenyekiti wa wafadhili wetu wa ng'ambo, Sista Mkuu, wagonjwa mlioweza kutoka kitandani, mabibi na mabwana:

Yote yatakayosomwa hapa ni kweli tupu. Karani mstaafu wa misheni, aliyeiandika risala hii na ndiye anayeisoma, ameapa mara tatu: mara moja akiwa amekaa, mara moja akiwa ameshika Biblia, na mara moja akiwa wima, baada ya Mama Mkunga kusema kwamba kiapo cha kwenye kiti hakimshiki mtu.

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa misheni tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunaomba radhi ikiwa ndege yako imezunguka sana kabla ya kutua. Marubani wamezoea kutafuta neno MISHENI, lililopakwa rangi nyeupe juu ya wodi ya wazazi, kila herufi na bati lake. Neno hilo halipo tena. Tutaeleza.

HISTORIA

Miaka mitatu iliyopita, mchana kweupe, upepo uling'oa paa la wodi. Shahidi ni mmoja, karani wetu. Anasema paa liliondoka zima zima, mabati yote thelathini, likazunguka kanisa mara mbili, likashuka jikoni, likafunua sufuria ya maharage, likaifunika tena, ndipo likavuka kilima. Alilifukuza mpaka soli zikaisha. Mpishi anathibitisha kwamba siku hiyo sufuria ilikuwa imefunikwa.

Karani akawaandikia ninyi wafadhili. Yeye alijifunza kuandika peke yake, na kitu akikipenda hukiandika kama mtu. Aliandika: "Paa wetu ametutoroka. Tunaomba mwingine." Nanyi, kwa upendo na kwa kamusi, mkamwona paa mwenye pembe na miguu minne.

MAFANIKIO

Mlituletea waya wa uzio, jiwe la chumvi la kulambwa, kengele ya shingoni na, kwa sababu tusizozijua, kasha la glavu za sufu. Waya unalinda kabichi za wagonjwa. Jiwe mpishi analikwangua kidogo kidogo, na glavu anashikia sufuria. Kengele iko mlangoni pa wodi. Ikilia, Mama Mkunga anakimbia.

Tukaandika tena kusahihisha: "Si paa wa kukimbia, ni paa la kufunika." Mkatuma blanketi la kumfunika. Ni zuri mno. Halijatumika.

Hapo Sista Mkuu alichoka. "Karani, andika 'mabati', basi!"

"Sista, mabati ni neno kavu. Mfadhili anataka kuguswa moyo."

Akaandika kwamba paa amerudi, na ana mimba. Ukajibu kwamba unakuja kumwona mtoto.

Mama Mwenyekiti, paa hayupo. Mtoto wake hayupo. Kamera unaweza kuirudisha mkobani.

CHANGAMOTO

Wodi imefunikwa turubai lenye matundu. Mvua ikinyesha, Mama Mkunga hufanya kazi kwa mkono mmoja. Wa pili umeshika mwavuli. Mtoto wa mwisho kuzaliwa hivyo anaitwa Mwavuli. Mama yake alikuja na jina jingine, halikushika. Mawingu unayaona mwenyewe. Wajawazito watatu wanaosubiri siku zao wamekaa mstari wa mbele. Wasiposimama kukupigia makofi, tunaomba wasamehewe.

MAOMBI

Ni moja. Mabati thelathini na misumari yake. Hatuombi mnyama yeyote.

NYONGEZA

Imeandikwa kwa penseli na Mama Mkunga baada ya ndege kutua. Karani ameamriwa aisome bila kuruka mstari.

Rubani aliposhuka aliuliza, "Ile nyumba nyuma ya kilima ni ya nani? Ina neno juu, ila halijaisha. NIMESHI. Nimeshi nini?"

Ni nyumba ya karani. Kwa miaka mitatu paa lake limefunikwa nyasi, akisema zinapoza joto. Wiki hii upepo umezichukua. Tumepeleka ngazi tukahesabu: mabati kumi na mawili, saba yana herufi zetu, zimechanganywa kusudi zisisomeke.

"Niliyaokota," akasema karani. "Nilikuwa nayatunza tu."

"Juu ya kitanda chako?" akauliza Mama Mkunga.

"Ndipo palipo pakavu, mwanangu."

"Na yale kumi na manane?"

"Hayo yaliruka kweli."

"Apa."

Karani akaomba maji ya kunywa.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, thelathini yasomeke kumi na manane. Haya kumi na mawili karani atayashusha mwenyewe risala ikiisha. Ngazi bado imeegemea ukuta wake, na mpishi amemwazima glavu. Yataanzia juu ya kitanda cha kujifungulia. Karani ameomba, na sisi tunamuunga mkono, lile blanketi la paa apewe yeye, maana kuanzia leo ndiye asiye na cha kumfunika.

Swali la rubani mwenye nyumba atalijibu mwenyewe, akitia sahihi.

Mungu akubariki, airudishe ndege yako salama, na aizuie mvua mpaka mzee ashuke.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Misheni

Imesomwa yote, bila kuruka mstari.
Karani mstaafu: NIMESHIKWA.