Kioo Ndani ya Kobizi

Kwenye basi la Karagandi, binti mbele yangu alikuwa amepakata kobizi, zeze letu la nyuzi za mkia wa farasi. Mzee wa pembeni akachungulia, akaona kioo kimebandikwa ndani.

"King'oe hicho, binti. Mambo ya waganga hayo! Majaji wa mashindano watakufukuza."

"Wameshaniambia, babu. Kisipotoka, nisipande jukwaani."

"Sasa?"

"Zamani bibi yangu alilazimishwa kukitoa cha kwake. Hakupiga tena mpaka akafa. Mimi sikitoi."

"Kichwa jiwe! Utapigia wapi?"

"Mlangoni kwao, wakiingia wanisikie, wakitoka wanisikie."

Mzee alisema anaenda sokoni. Lakini basi liliposimama ukumbini alishuka naye, bado anamgombeza, huku amembebea upinde wake wa kupigia kobizi.