Mama Nane na Siku Aliyofunga Nne

Tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Minara, Mama Nane atavua mkanda wake wa kupandia na kuukabidhi stoo. Jina lake la kwenye hati ya mshahara lipo, lakini hapa kazini hatujalitumia kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukimwita kwa jina hilo hugeuka nyuma kuangalia ni nani anayetafutwa.

Alianza kwa kubadilisha taa nyekundu za juu ya minara, mwanamke peke yake katika kikosi cha watu kumi na wanne. Mashemeji zake, kama alivyowaita wote, walisema hatamaliza wiki mbili. Wa mwisho wao alistaafu miaka sita iliyopita. Mwaka wake wa tisa alifanywa msimamizi wa usalama, na hapo mzozo wa mafundo ukaanza.

Kwa wasomaji mnaoshinda ofisini, nieleze kidogo. Fundi anayepanda mnara hufungwa kamba kwenye mkanda wake, na mwenzake aliye chini huishika na kuilegeza kadiri anavyopanda. Kati ya mtu na ardhi pana fundo moja tu. Mafundi wa zamani walipenda fundo la mabaharia, kwa sababu hufungwa upesi, na hata likibeba mzigo mzito hufunguka bila kukuvunja kucha. Mama Nane alitaka fundo la nane. Unafunga nane kwenye kamba, yaani umbo la tarakimu 8, ukiacha mkia wa urefu wa mkono. Unaupitisha mkia kwenye vitanzi viwili vya mkanda, cha miguuni na cha kiunoni, kisha unaurudisha kwa kufuata njia ileile ya kwanza, mpaka pawe na nane mbili zilizolala bega kwa bega. Unakaza kila uzi, na mkia unaobaki usipungue shibiri.

Kikao kilichoitishwa kilimaliza asubuhi nzima. Fundi mmoja, tuliyemwita Umeme kwa haraka zake, alilalamika kwamba fundo la nane likishakaza linataka meno ya fisi kulifungua. Mama Nane alikubali. Alikubali pia kwamba fundo la mabaharia likifungwa sawasawa hubeba mtu vizuri. Ila likikaa bila uzito na kutikiswatikiswa huweza kulegea, na likikosewa, kosa lake huonekana na wajuzi tu. Yeye alitaka fundo ambalo mtu yeyote aliye hatua mbili kutoka kwako anaweza kulisoma. Umeme akauliza kama sasa tutamfundisha na dereva. Ukumbi ukaangua kicheko, naye Mama Nane akaandika kitu kwenye daftari lake.

Jumatatu iliyofuata alimfundisha dereva kweli. Dereva wetu ni mtu ambaye hata ngazi ya kubadilishia balbu humtoa jasho. Lakini aliambiwa jambo rahisi: kila mahali uone nyuzi mbili pamoja, kama barabara ya njia mbili. Fomu ya kazi ikaongezewa mstari wa sahihi yake, na mafundi wakawa na utani wa mwaka mzima.

Miaka minne baadaye Mama Nane, Umeme na dereva walikuwa chini ya mnara wa mita sitini, na siku hiyo aliyepanda kukagua alikuwa Mama Nane mwenyewe. Alikuwa amefunga nane ya kwanza na kupitisha mkia kwenye vitanzi vyote viwili, Umeme alipomletea fomu ya likizo. Akashika kalamu, akauliza tarehe, akatia sahihi, wakacheka kidogo. Kisha akaenda kushika ngazi. Mkia ulikuwa unaning'inia kiunoni kana kwamba kazi imekwisha. Umeme, aliyepaswa kumkagua, alikuwa anakunja karatasi yake.

Dereva alikuwa ameegemea boneti akitafuna karanga. Akasema, bila kupaza sauti, "Mama, mbona leo umefunga nne?"

Walidhani anatania. Mama Nane akajitazama kiunoni, akaona uzi mmoja mahali pa nyuzi mbili, nusu ya fundo, akaachia ngazi. Kisha alifungua kila kitu, akafunga upya mwanzo hadi mwisho, akamwita dereva asome, akapanda. Aliporudi alifungua kitabu cha makosa na kuandika jina lake kwa mkono wake. Umeme alimsihi alifute, maana hakuna aliyeanguka. Mama Nane alimwambia kitabu hicho kisingekuwa na maana kama kingesubiri watu waanguke. Umeme hakulifunga tena fundo la mabaharia.

Mwaka huu fomu mpya ilipoandaliwa, mstari wa dereva uliondolewa ili karatasi iwe fupi. Mama Nane hakuomba sherehe wala zawadi ya kuagwa. Aliomba mstari ule urudi, na uongozi ukakubali wiki iliyopita. Fomu ya kwanza imeshatiwa sahihi, na ina alama ya vidole vyenye mafuta ya karanga.

Asante, Mama Nane, kwa kila aliyerudi nyumbani jioni na miguu yake miwili. Nenda ukakae na wajukuu, ambao tunasikia kamba za viatu vyao hazifunguki. Tunakuombea miaka mingi ya afya na utulivu, na mkia wake usipungue shibiri.