Kobe Apewa Alama Moja

Mgeni rasmi, Mkurugenzi na mwasisi wa kampuni yetu. Mkuu wa idara yetu. Wenzetu wachoraji, watunga sauti na waandishi wa programu mliobanana pale mlangoni: tunawasalimu nyote, na walio nyuma tunawaomba wasiegemee swichi.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu kwenye chumba cha wapimaji. Tumefurahi kukuona, ila tusikufiche, tuna wasiwasi pia. Tangu asubuhi tumepanga viti na kuvipangua. Kitambaa cha meza tulikigeuza kwa sababu upande wa kwanza ulikuwa na doa la chai, halafu tukakigeuza tena kwa sababu upande wa pili ulikuwa na madoa zaidi. Ukimwona msomaji wetu anabadilisha mguu wa kusimamia kila mara, usidhani amechoka. Roho haijatulia, na sababu yake tutaisema kabla hujamaliza maji hayo.

HISTORIA YA CHUMBA CHETU

Chumba hiki kilikuwa stoo ya maboksi. Ulipoanzisha mchezo wetu wa vita vya majitu ya chuma, ulituweka humu ukatupa kazi moja. Mchezaji aliyezoea hujiundia jitu lake mwenyewe: huchagua miguu, injini, mizinga na feni za kupoza joto, akalinganisha hiki na kile mpaka aridhike. Mchezaji mgeni hayajui hayo. Yeye tunampa jitu lililokwisha kuundwa, aingie nalo uwanjani siku hiyohiyo. Sisi tunapima kama jitu hilo linaweza kusimama mbele ya majitu ya wazoefu, au tunampeleka mtu machinjioni. Alama tano maana yake apewe yeyote. Alama moja maana yake asipewe mtu.

Ulituachia pia sheria, ukaiandika ukutani kwa mkono wako, kwa rangi nyekundu, na hatujawahi kuipaka chokaa: ANAYEPINGA ALAMA, AKETI. Ukiona alama si ya haki, unavuta kiti, unachukua jitu lilelile, unacheza mbele ya aliyelipima, na wote tunaona. Kwa sheria hiyo watu wamenuniana humu ndani na wamechekana sana, lakini hakuna aliyeonewa.

MAFANIKIO

Ni mengi, ila tutataja machache maana mkuu wa idara ameanza kutazama saa. Nyigu, mmoja wa majitu yetu, alikuwa anakufa kabla ya kufyatua hata risasi moja, sasa anaogopwa. Panzi alikuwa hawezi kutua bila kuvunjika miguu. Tulimrudisha kwa wachoraji mara nyingi hadi wakaacha kutusalimia, na leo watoto na wazazi wao wanamgombania. Wachoraji, tusameheane.

CHANGAMOTO

Feni ya dari inalia kuliko inavyopepea. Kati ya viti vya kupimia, kimoja kimeng'oka mgongo. Hayo yalikuwa kwenye risala ya ukurasa mmoja aliyoikagua mkuu wa idara jana, na ile iliishia hapo. Mgeni rasmi, hii unayosomewa ni nyingine. Tunaomba msomaji asikatizwe.

Changamoto yetu ni Kobe.

Kobe unamjua. Ulimuunda wewe mwenyewe kampuni ilipoanza, na ndilo jitu ambalo kila mchezaji mpya hukabidhiwa kwanza. Ana mizinga pande zote mbili, ngao nene na sura ya upole. Kila msimu tulimpa nne, tena kwa moyo mweupe, maana mikononi mwetu anashinda. Sisi tunajua kwamba mizinga yake ikifyatuliwa yote pamoja, joto linapanda na anajizima katikati ya uwanja. Basi tunafyatua mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayekunywa chai ya moto. Tulikuwa tunavipima vidole vyetu tukidhani tunampima Kobe.

Aliyeliona hilo ni mwenzetu tunayemwita Shangazi. Si kwa umri. Huyakaripia majitu yanapokosea, na yakifanya vizuri huyakaripia pia yasije yakavimba kichwa. Msimu huu zamu ya kumpima Kobe ilimwangukia yeye. Siku hiyo wifi yake, mshona nguo, alipita kumletea funguo za nyumba alizosahau. Shangazi akamwambia, "Keti kidogo wifi, nichezee hili."

Wifi hakuwa amewahi kucheza mchezo wowote wa kompyuta. Aliketi na mkoba mapajani. Kobe akatembea, adui akatokea, wifi akashtuka akabonyeza kila kilichobonyezeka. Kobe akazimika. Adui akamsogelea bila haraka, akammaliza.

"Limezima," wifi akasema. "Jamani, nimeharibu nini?"

"Hujaharibu kitu."

"Sasa mbona mimi nikishika linazima?"

Akajaribu tena, safari hii kwa ncha za vidole. Likazima. Akakiweka mezani kile kidude cha kuchezea, akakifuta kwa kiganja kana kwamba alikuwa amekichafua. "Haya mambo yana wenyewe, wifi. Mimi niache tu." Akabeba mkoba wake, akatoka huku akituomba radhi mmoja mmoja.

Shangazi alibaki ameikodolea macho skrini. Alituambia baadaye kwamba kilichomuuma si kushindwa, maana watu hushindwa wakacheka, kesho wakarudi. Kilichomuuma ni ile radhi. Alijiuliza ni wangapi huko majumbani mwao wameinuka kitini wakiamini wao ndio wabovu. Alikasirika hata zile funguo akazisahau tena mezani. Akamchezesha Kobe kama wifi yake, kwa hofu na kwa vidole vyote, mpaka jioni. Kisha akampa alama moja.

Tulimbishia wote. Kwa sheria ya ukutani tukaketi kila mtu kwa zamu yake, na Shangazi akasimama nyuma akitupigia kelele sikioni, "Anakuja! Anakuja huyo!" ili tubonyeze bila kufikiri, kama wageni. Kila mmoja wetu alizimika. Tukaacha kubisha, tukatia sahihi chini ya alama yake.

Mkuu wa idara hakuketi. Alisimama palepale mlangoni ulipoingilia.

"Shangazi, hilo jitu lina mwenyewe," alisema. "Weka nne kama kawaida, maisha yaendelee."

"Keti basi, bosi. Cheza."

"Sina muda wa kucheza mimi."

"Basi moja inabaki."

Akamwambia leo iwe siku yake ya mwisho kazini. Mgeni rasmi, hatumsemi mkuu wetu kwa ubaya. Ana watoto, ana hofu kama sisi, na anakuheshimu kiasi cha kutotaka habari hii ikufikie. Lakini kesho msimu mpya unafunguliwa. Kobe atatoka na nne zake, na Shangazi atatoka na mkoba wake. Hilo ndilo linalotunyima raha tangu asubuhi, wala si doa la chai.

MAOMBI

Feni tutaivumilia. Kiti tutakifunga kamba. Ombi letu limebaki moja.

Tunaomba uketi.

Sheria ni yako, na hiyo hapo rangi yake. Kobe amewashwa, huo muungurumo unaousikia chini ya sauti ya msomaji ni injini yake. Hatukuombi uyaamini maneno yetu. Unaijua siri ya kufyatua mzinga mmoja mmoja, maana uliiweka wewe. Tunakuomba uisahau kwa dakika chache, ucheze kama mtu aliyeletewa mchezo huu leo na ana hamu ya kuupenda. Kobe akisimama mpaka mwisho, alama moja tutaifuta wenyewe, na Shangazi ataondoka bila neno. Akizimika, alama ibaki, na aliyeitoa abaki.

Na kama unajiuliza huyo Shangazi ni nani, umekuwa ukimsikiliza tangu mwanzo. Ndiye anayekusomea. Tulipoandika risala hii alizikata kwa kalamu sentensi zote za kumsifu, na tukaridhia ili tu akubali kuisoma. Mahali sauti ilipotetemeka, hatukuandika hivyo.

HITIMISHO

Mungu akupe afya, mkono mwepesi na moyo wa kusikia. Aibariki kampuni uliyoijenga, ambariki mkuu wa idara na wanawe, na awabariki wote watakaouwasha mchezo wetu kesho kwa mara ya kwanza, wasiojua bado kitakachowapata.

Ni sisi, Wapimaji wa Majitu, chumba kilichokuwa stoo.

Karatasi imekwisha, mgeni rasmi. Mbele ya skrini kuna viti viwili. Msomaji anakwenda kuketi kwenye kile kisicho na mgongo. Chenye mgongo ni chako.