Wale Kumi na Wawili wa Pigeon Ford

Gari la farasi lilipotoka Pigeon Ford, mkulima mmoja aitwaye Hosea Gentry alianza kumpigia soga mama mwenye nguo nyeusi aliyeketi mbele yake. Mimi nilikuwa pembeni, nimebanwa na gunia la barua, sina pa kukimbilia.

"Jana tulimwachia huru yule Stagg aliyeshtakiwa kwa mauaji," alisema. "Tulichaguliwa kumi na wawili kuamua kesi, wakulima watupu. Mahakama haina chumba cha kushauriana, tukajifungia kwenye ghala la mahindi. Nusu saa, kwisha."

"Si alimpiga mtu risasi?"

"Waligombania mpaka wa shamba. Stagg si mtu mbaya, mama. Tunamjua."

"Nasikia ana ng'ombe wazuri wa kulimia. Wangapi kati yenu mmewahi kuwaazima?"

Gentry alihesabu kwa vidole, kwa ukweli ulionishangaza. "Saba. Lakini huku Indiana kila mtu anamwazima mwenzake. Wasiomjua tungewatoa wapi, Philadelphia?"

"Na marehemu mlimjua?"

"Kidogo. Alikuwa mgeni, miezi minne tu."

"Alikuwa mdogo wangu," mama akasema. "Aliitwa Silas. Natoka kaburini kwake."

Gentry akavua kofia. "Pole sana, mama. Lakini shahidi hakuwepo. Ungekuwa wewe mle ghalani, ungesemaje?"

"Sheria haimruhusu mwanamke kuingia mle ghalani."

Dereva akavuta hatamu. Tulikuwa tumefika kituo cha kubadilisha farasi. Gentry alishuka kwanza, akamnyooshea mkono amsaidie. Mama aliutazama, kisha akashukia mlango wa pili, kwenye tope.