Nkusi na Gari Yenye Jina ya Umulisa

Padri wetu, wazee, majirani, na nyinyi wote mulioacha soko na mashamba kuja kutusindikiza, mi ni Nyirarukundo, shangazi wa marehemu, dada mudogo wa baba yake, familia imenipa kusema maisha yake ju sauti yangu inafikaka mpaka barabarani, na ju mi ndiye nilimubeba mugongoni akiwa mutoto, donc nikicheka katikati musinione mubaya, Nkusi mwenyewe alinizoea hivyo.

Nkusi alizaliwa tarehe 9 Februari 1953 hapa Nyundo, mutoto wa pekee wa kaka yangu Rugema, akasoma primaire hapahapa toka 1960 mpaka 1966, mwalimu alisema iko na kichwa, lakini ile kichwa ilikuwa siku zote chini ya gari ya mapadri, ukimuita kula unaona miguu tu. Mwaka 1968 akavuka mpaka kwenda Goma kujifunza ufundi, akakaa kule miaka mingi, na 1977 akarudi kufungua garage yake Gisenyi, njia ya kwenda mpakani, wote munaijua.

Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na Mukandutiye, binti ya Kanama, nilicheza mpaka kisigino ya kiatu ikatoka, na tarehe 3 Mei 1984 Mungu akawapa mutoto wao mumoja, Umulisa, mwenye alama ya moto kwenye mukono wa kushoto, ju alishika sufuria ya maharagi akiwa anajifunza kutembea.

Julai 1994 walikimbia vita pamoja na watu wote, na pale mpakani, katika ule musukumano, mukono wa mutoto ulitoka katika mukono wa mama yake, wakageuka, Umulisa hayuko. Tarehe 24 ya ule mwezi Mukandutiye akafa na kolera kule Goma. Nkusi akatafuta mutoto kambi kwa kambi, akatafuta kwa masista, akatafuta kwa wenye kuandika watoto waliopotea, na Novemba 1996 akarudi peke yake, akafungua garage, akalala humo ndani, ju nyumba alisema inapiga kelele sana ikiwa na mutu mumoja.

Bon. Mwaka huu wa 1999 tukasikia kutakuwa mashindano ya gari hapa Gisenyi, kuzunguka njia ya ziwa na kupanda hoteli, tarehe 22 Agosti. Nkusi akachukua ile Corolla muzee iliyokuwa imeota majani nyuma ya garage, akaanza kuitengeneza, nikamuuliza, "Nkusi, umri huu unataka kukimbiza gari?" akanijibu, "Shangazi, mi sikimbizi mutu. Kila gari ikipita, mwenye haut-parleur, kile kipaza sauti, anaita jina yake. Hii nitaandika Umulisa. Wataita mpaka ng'ambo."

Donc ile gari ilipashwa kuzunguka mpaka mwisho, ju gari ikianguka, jina inanyamaza. Kazi yote ilikuwa katika vyuma vya chini. Kuko chuma moja ndefu, wanaiitaka bara, inafunga mguu wa gari wa kuume na wa kushoto ili gari isilalie upande mumoja kwenye kona. Nkusi alitoa za namna tatu kwa magari yaliyokufa, nene, ya katikati, na nyembamba. Akaweka ile nene mbele, gari ikasimama sawa kama padri kwenye misa, lakini kwenye kona ya hoteli ikakataa kugeuka, ikaenda moja kwa moja katika maua. Akaihamisha nyuma, sasa matako ya gari ikatoroka kama mbuzi yenye imeona mbwa. Na kwenye mashimo, ile nene inafunga miguu yote miwili, mumoja ukipanda jiwe na mwingine unapanda, gurudumu inabaki hewani. Mwisho akaweka nyembamba mbele, ya katikati nyuma, na resori, zile spring za kubeba gari, za kulegea kidogo, ili kila gurudumu ishike barabara yake.

Dereva alikuwa Jack, huyu kijana aliyetoka Uganda, iko pale, inua mukono Jack, na Jack akalalamika, "Muzee, gari inalala kwenye kona kama mulevi, watu watanicheka!" Nkusi akamuambia, "Wacha wacheke. Kuinama si kuanguka."

Na walicheka kweli! Mi pia nilicheka, ile gari ilikuwa inainama kama inasalimia wakwe. Lakini zile gari zingine ngumu zilitoka barabarani moja moja, na yetu ikafika ya nne, na kila mara ikipita ile haut-parleur inaita, Umulisa! Umulisa! Na Nkusi amesimama mbali na watu, hatazami gari, anatazama watu.

Jioni ile wakakuja wasichana watatu wenye jina Umulisa, walisikia wanaitwa. Wa kwanza alikuwa wa Kanama, baba yake iko hai. Wa pili muuza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, wa Goma, yatima, lakini mukono wake safi, hauna alama. Wa tatu, imana yanjye, Mungu wangu, mama muzima na mutoto mugongoni, nikamuambia, "We, baba yako hapa mungesoma naye darasa moja!" Nkusi hakucheka, hakufukuza mutu, akawanunulia wote Fanta, akakaa nao mpaka wakamaliza, akawasindikiza.

Septemba kifua ikamushika, Oktoba akaingia hospitali, na Dominika tarehe 21 Novemba 1999, asubuhi, akatuacha, akiwa na miaka 46.

Tunashukuru madaktari na masista waliomuangalia, majirani waliomuletea uji, mafundi wenzake, na Jack, aliyekuwa anaenda kumutembelea.

Desturi yetu munaijua, musalaba wa mbele unabebwaka na mutoto wa marehemu. Leo tulingojea kidogo pale mulangoni, muliona, hakuna aliyekuja. Donc nitaubeba mi, shangazi wake. Na kama mutu hapa anajua binti wa miaka kumi na tano mwenye alama ya moto mukono wa kushoto, amuambie kwamba baba yake hakuacha kumuita, na mi niko Nyundo, anikute.

Nkusi wetu, sasa pumzika, sauti yako nitakuwa mi.