Sanamu ya Mzee wa Mpira wa Mezani

Fundi seremala aliketi basini mbele yangu na sanamu ya mbao miguuni pake. Ilikuwa ya mzee aliyebuni mpira wa mezani, ule wa vinyago vidogo vya wachezaji, ya kusimamishwa kaburini kwake mchana huo. Mama wa kiti cha pili, kumbe dada wa marehemu, akaikagua. “Fundi, mbona kitako ni duara kama bakuli?”

“Wachezaji wake ndivyo walivyo, mama. Ukiwapiga kidole wanalala, halafu wanainuka wenyewe.”

“Kaka yangu kalala, mwanangu. Ukimwinua, waombolezaji watakimbia!” Mimi ningetangulia.

“Asipoyumba si yeye.”

“Kachonge upya!”

Dereva akakanyaga breki. Sanamu ikainama hadi kwenye magoti ya mama, ikainuka polepole.

“Huyu hakuwahi kuniomba radhi maishani mwake,” mama akasema. “Hebu msukume tena.”

Tulikuwa tumefika makaburini, na hakuna aliyeshuka.